Siku ya Nne, Nenda Mwenyewe

1

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla sijamaliza kupuliza uji wangu, nilikuwa nimeshaamkua nyumba arobaini na mbili.

Mdomo wangu niliufungua mara moja tu, kusema "salama" kifungo kiliponiuliza nimeamkaje. Yaliyobaki kilifanya chenyewe, kimebanwa kwenye kola ya blauzi yangu, kwa sauti yangu, kwa adabu yangu, na kwa uvumilivu ambao sijawahi kuwa nao tangu nizaliwe. Kilipiga hodi hewani kwenye vifungo vya majirani, kikauliza wameamkaje, kikauliza watoto, kazi, mifugo, na za tangu jana. Vifungo vyao vikajibu, vikaniuliza mimi, changu kikajibu. Kisha kikaninong'oneza muhtasari: "Nyumba arobaini na mbili. Wote salama."

"Wote salama!" nikarudia kwa sauti, nikapiga meza kwa furaha mpaka uji ukamwagika.

Naomba msinicheke. Kitu hicho kinaitwa Mwamkuzi, na nilikibuni mimi, Subilaga Mwakatobe, binti wa Uyole, Mbeya. Wazo lilinijia siku niliyochelewa usaili wa kazi. Nilitoka nyumbani dakika hamsini kabla, na ofisi ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Lakini njiani kulikuwa na watu kumi na mmoja wanaonifahamu, na kwetu humpiti mtu unayemfahamu ukamtupia "mambo" moja ukaendelea na safari. Utaambiwa una maringo. Utaambiwa shule imekuharibu. Unasimama, unamuuliza mama yake, unamuuliza ng'ombe aliyekuwa anaharisha wiki iliyopita, kisha unaulizwa wewe, unaanza upya. Nilipofika, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mgeni asiyejuana na mtu yeyote mtaani. Ndiyo maana aliwahi.

Nilirudi nyumbani nina hasira, nikaanza kuchora.

Miaka tisa baadaye watu milioni mbili wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa na Mwamkuzi kwenye kola. Hata bajaji zinazojiendesha zilikuwa naye, zikiwapa wazee shikamoo kabla hawajapanda. Mapungufu yalikuwapo, sikatai. Mwamkuzi husoma tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu, kwa hiyo mwalimu mmoja wa kwaya, aliyekuwa akijitangaza ana miaka arobaini na mitano, akaanza kupewa shikamoo na watu wa hamsini mbele ya usharika mzima. Alihama kanisa. Lakini kwa jumla watu walikuwa wakiniombea dua njema. Ofisi yangu ilikadiria kwamba tumemwokolea kila mtu saa moja na dakika ishirini kwa siku, na mimi nilikuwa nikiitaja hesabu hiyo kila mahali, hata kwenye harusi za watu.

Na siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Saa kumi alasiri, mimi na mwenzangu Lusajo tungetuma Toleo la Tatu kwenye vifungo vyote milioni mbili kwa mpigo mmoja, halafu jioni sherehe. Toleo la Tatu lilijua kutoa pole na hongera. Ukifiwa, mtaa mzima unakupa pole kabla hujatandika mkeka. Ukijifungua, unapongezwa kabla mtoto hajafumbua macho. Hakuna mtu ambaye angelazimika tena kuvuka barabara kwa ajili ya adabu. Ili litoke lilihitaji sauti mbili tu, yangu na ya Lusajo, kila mmoja aseme "tuma".

Kilichokosekana ni gauni. Shangazi yangu Tusekile ni fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa ananishonea kitenge cha kuvaa jioni ile. Nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Kila asubuhi Mwamkuzi aliniambia shangazi hajambo na kazi inakwenda vizuri, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote. Nikaamua kulifuata gauni mwenyewe, kwa miguu, kwa raha zangu.

Njiani nikajiuliza mara ya mwisho nilimwona lini uso kwa uso. Nikaanza kuhesabu siku kwenye vidole. Vidole vya mikono vikaisha, nikaanza kufikiria vya miguu.

2

"Hodi, shangazi!"

"Karibu."

Sauti ilitokea chini. Nikasukuma mlango. Shangazi alikuwa sakafuni, juu ya godoro, ameegemea mguu wa meza ya cherehani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya mito miwili, na kifundo kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi ya bilinganya. Pembeni yake palikuwa na sufuria ya wali uliokauka na chupa ya maji. Kitenge changu kilikuwa mezani, hakijaguswa na mkasi.

Nilitaka kumkimbilia. Lakini mtu amelelewa. Nikapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Habari za hapa?"

"Nzuri," akasema shangazi Tusekile, mwanamke wa miaka sabini na mmoja mwenye kifundo cha rangi ya bilinganya. "Nzuri kabisa."

Akanitazama. Nami nikamtazama. Akashusha pumzi.

"Ila nilianguka, Subi. Leo siku ya tisa."

Mguu uliniumiza roho, Mungu anajua. Lakini kilichonikata maini zaidi kilikuwa lile jibu. Nzuri kwanza, kisha kimya kidogo, kisha ndiyo habari yenyewe.

Hapa inabidi nieleze jambo la kazi yangu, na ninalieleza kwa aibu. Tulipokuwa tukimfundisha Mwamkuzi, tulirekodi salamu za watu elfu arobaini, kuanzia soko la Mwanjelwa hadi Tukuyu na Kyela, tukailisha mashine. Jibu la kwanza halikutusumbua hata kidogo. Katika kila watu elfu moja, mia tisa tisini na sita walijibu kwa wema: nzuri, salama, hawajambo. Kilichofuata baada ya hapo kilikuwa vurugu tupu. Wengine walikaa kimya, wengine wakakohoa, wengine wakaanza hadithi za bei ya mbolea, wengine wakalia. Mashine ikachanganyikiwa. Nikaamuru kwa mdomo wangu mwenyewe: chukua jibu la kwanza, yanayofuata tupa. Kwenye michoro yetu yale yanayofuata tuliyapa jina. Tuliyaita kelele.

Na hakuna aliyepinga! Tulikuwa watu kumi na wanane, wote tumezaliwa huku huku, wote tumelelewa kujibu "nzuri" hata tukiwa tumesimama kando ya jeneza. Mgeni angetuuliza mbona huyu anasema nzuri huku machozi yanamtoka. Sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunajua, na jambo ulilolizoea sana hulioni tena.

"Kwa nini hukukiambia kifungo kwamba umeanguka?" nikamuuliza.

"Nikiambie kifungo?" Akakishika kifungo chake kwenye kola kama mtu anayeshika kupe. "Subi, hiki kiliniuliza habari za hapa. Nikasema nzuri. Ulitaka niseme nini, mtu anakusalimu asubuhi halafu unamtupia matatizo usoni? Nikasema nzuri, kikaondoka! Hakikungoja. Mama Ipyana angekuwa amesimama hapo mlangoni ningemjibu nzuri vilevile, lakini angeuona mguu. Angesema, 'Mwe! Tusekile, nzuri ya wapi hiyo?' Hapo sasa ningesema."

"Na simu je? Si ungenipigia?"

"Una shughuli kubwa. Nilisema nitakwambia baada ya sherehe."

"Ulianguka vipi lakini?"

Hapo akageukia ukutani. Nikafuata macho yake. Chini ya meza, upande wa ukuta, kulikuwa na viatu vyekundu, vipya, vya visigino virefu kama vya wasichana wa televisheni.

"Nilikuwa najifunza kutembea," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka siku yako niingie ukumbini kama watu."

Nilicheka. Kisha nikalia. Kisha nikacheka tena, maana shangazi alikuwa amenikazia macho, kidole juu.

"Mtu asijue. Na hasa Mama Ipyana asijue."

Mama Ipyana ni jirani wa upande wa pili wa barabara, na wawili hao wameshindana kwa miaka thelathini: nani kapika vizuri kwenye ubarikio wa watoto kanisani, nani kavaa vizuri Pasaka, mwana wa nani kaenda mbali. Nikaapa sitasema. Nikaita bajaji. Ilipofika ikampa shangazi shikamoo, ikamuuliza habari za nyumbani. "Nzuri," akasema shangazi, nimembeba mgongoni. Bajaji ikaridhika.

3

Hospitalini daktari alitazama picha ya mfupa, akatutazama sisi, akatazama tena picha.

"Mngekuja siku ile ile," akasema. "Atatembea, lakini atachechemea kidogo. Mfupa umeshaanza kuunga vibaya."

"Ndaga fijo, daktari," shangazi akamshukuru, kana kwamba amepewa zawadi. Wakaunyoosha mguu, wakamfunga hogo gumu la plasta hadi gotini. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikirudia neno moja kichwani: kidogo. Atachechemea kidogo, maisha yake yote, kwa sababu mimi nilichoka kuwaamkua watu kumi na mmoja.

Lusajo alinikuta hapo saa sita na nusu, anahema, kompyuta kwapani. Nilikuwa nimempigia simu nikamwambia Toleo la Tatu halitoki. Ni kijana mrefu, mhandisi hodari kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na akipata wazo hawezi kusimama mahali pamoja. Wakati huo alikuwa anarukaruka.

"Subi, hili si tatizo. Hii ni bahati!"

"Bahati? Mwone shangazi alivyofungwa."

"Nisikilize. Kifungo kinajua tayari! Kinapima mapigo ya moyo ili kijue umeamka. Kinahesabu hatua. Kinasikia pumzi na kila neno. Kifungo cha shangazi kilijua tangu siku ya kwanza kwamba hatembei, sema hatukukipa ruhusa ya kuongea. Tukipe! Mtu akisema nzuri, kifungo kimalizie chenyewe. Nimeshaandika njiani. Tukiituma saa kumi, kuanzia kesho asubuhi hakuna mtu Mbeya nzima atakayelala sakafuni siku tisa bila jirani kujua."

Aliyasema kwa shauku kubwa, na alikuwa na haki. Niliwafikiria watu milioni mbili. Ni wangapi saa ile walikuwa sakafuni, vifungo vyao vikijibu salama?

"Tujaribu," nikasema.

Tukajaribu pale pale benchini, shangazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu kati yetu. Lusajo aliviunganisha vifungo viwili tu, changu na cha shangazi. Changu kikauliza habari za hapo. Cha shangazi kikajibu kwa sauti ya shangazi yenyewe, tamu na changamfu:

"Nzuri. Ila nilianguka nikijifunza kutembea na viatu virefu, siku tisa sijatoka nje, na nimelia mara nne. Mara ya mwisho jana saa kumi na moja jioni, dakika ishirini na sita."

Watu waliokuwa kwenye benchi la pili wakageuka.

Nilimtazama shangazi. Uso wake ulikuwa umeshuka. Katika maisha yangu sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mumewe. Alikuwa akilia akishafunga mlango, na sisi sote tulijua, na hakuna aliyewahi kulisema.

"Zima," akasema.

Lusajo akazima. "Lakini shangazi, mficha maradhi kilio humfichua. Wahenga wamesema."

"Wamesema pia siri ya mtungi aijuaye kata." Shangazi hakupandisha sauti. "Mwanangu, kulia kwangu ni kwangu. Nikitaka kumpa Subilaga nitampa mwenyewe, kwa siku ninayotaka mimi. Hiki kimeiba."

"Kingekuokoa mguu!"

"Kingeniokoa mguu, ndiyo. Na kwa aibu nisingeweza kutoka nje kuutembelea."

Lusajo alinigeukia mimi. Na hapo ndipo nilipobanwa, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Kukiacha kifungo kama kilivyo ni kuwaacha watu sakafuni. Kukifungua mdomo ni kuwavua watu nguo mbele ya majirani kila asubuhi, kabla ya uji. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika tano.

"Maisha ya mtu ni bora kuliko aibu yake," Lusajo akasema. "Mimi nasema tutume."

"Vizuri," akasema shangazi. "Anza na cha kwako."

"Nini?"

"Kifungo chako. Kiulize habari. Mimi na Subi tusikie."

Lusajo akacheka. Akaweka ile programu kwenye kifungo chake, akajiweka sawa, akavuta shati. Kifungo changu kikamuuliza habari za kazi. Cha kwake kikajibu kwa sauti yake nzito:

"Nzuri. Ila moyo unapiga mara mia na ishirini kila Subilaga anapoingia ofisini, na wiki hii nimebadilisha shati mara mbili kwa siku."

Muuguzi aliyekuwa anapita alisimama kabisa. Lusajo aliinama kwenye kompyuta yake akaanza kubonyeza vitu ambavyo havikuhitaji kubonyezwa.

"Ni joto," akasema hatimaye. "Ofisi ile ina joto."

Tulikuwa mwezi wa saba. Mbeya. Asubuhi ile kulikuwa na umande wa barafu kwenye majani.

Shangazi alicheka mpaka hogo likagonga chuma cha kiti. Mimi sikucheka, nilikuwa nimesimama, masikio yanawaka moto, na kichwani mwangu kulikuwa na maneno ya shangazi ya asubuhi. Angeuona mguu. Mama Ipyana angesimama mlangoni, angeuona mguu. Tatizo halikuwa kifungo kukosa la kusema. Tatizo lilikuwa kwamba kwa sababu ya kifungo, Mama Ipyana hakuja.

"Lusajo, vifungo vinajua watu wawili wakiwa wamesimama pamoja?"

"Vinajua," akajibu bila kuinua uso. "Vikiwa hatua mbili vinanyamaza, visirudie salamu ambayo wenyewe wanapeana."

"Basi weka kanuni moja. Kifungo kimwamkue mtu kwa niaba yako siku tatu. Ikifika siku ya nne na hamjasimama pamoja, kinyamaze. Hakisemi lolote la mtu, hakipimi moyo, hakisikilizi pumzi. Kinakwambia nenda mwenyewe, basi. Kwa kila mtu, mzima na mgonjwa, sheria ile ile, ili kunyamaza kwake kusimuumbue yeyote."

Akainua uso. "Na pole? Na hongera?"

"Futa. Zote."

"Subi, tulizifanyia kazi miaka miwili."

"Najua. Zile za harusi niliziandika mimi."

"Na kama jirani ataambiwa nenda mwenyewe, asiende? Mtu yuko sakafuni, jirani mvivu. Programu yangu ingemwokoa. Yako itamwacha."

Swali hilo bado linaniamsha. Nikampa jibu nililokuwa nalo.

"Itamwacha," nikasema. "Lakini jirani atajua kwamba hakwenda. Mimi siku kumi na tisa sikwenda kwa shangazi, na sikujua."

Lusajo alimtazama shangazi, akautazama mguu, kisha akanitazama mimi sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika. Akavuta kompyuta. Mistari kumi na minne, ndiyo yote iliyohitajika.

4

Saa kumi kasoro dakika moja tulikuwa tumerudi nyumbani kwa shangazi, tumemkalisha kwenye kiti cha mbao karibu na mlango.

"Watatuchukia," Lusajo akasema.

"Wiki ya kwanza."

"Tuma," akasema.

"Tuma," nikasema.

Hakuna kilichotokea. Nikahesabu pumzi tatu. Kisha kifungo changu kikaninong'oneza: "Nyumba arobaini na moja. Siku ya nne imepita. Nenda mwenyewe."

"Zote isipokuwa hii?" nikauliza kijinga.

Lusajo akashika kichwa. "Mungu wangu. Subi, hakuna mtu aliyeonana na mtu. Wote wamepitisha siku ya nne. Wote, kwa mpigo!"

Mlango wa jirani wa kushoto ukafunguliwa. Ukafunguliwa wa kulia. Ukafunguliwa ule wa juu wenye geti la kijani ambalo nilidhani limeota kutu likaganda. Watu walitoka wakiwa wameshika vifungo vyao viganjani, wanavitikisa, wanavipuliza, wengine na sabuni mikononi, mmoja amenyolewa nusu kichwa. Wakatazamana. Kisha likaanza. Hujambo! Sijambo! Shikamoo! Marahaba! Mwe, umenenepa! Huyu ndiye mtoto? Yule mdogo? Habari za siku nyingi! Uyole nzima ilisimama barabarani ikisalimiana kwa kelele kama uwanja wa mpira. Bajaji nne zikakwama katikati ya umati, zikawa zinasema shikamoo bila mpangilio. Nilirukaruka pale kizingitini kama mtoto. Sherehe ya jioni nilishajua haipo, maana hakuna mgeni ambaye angefika, na sikujali hata chembe.

"Hodi humu."

Alikuwa Mama Ipyana, mwanamke mnene wa makamo ya shangazi, kitambaa cheupe kichwani, kifungo mkononi. Nikampa shikamoo, akaitika, akamgeukia shangazi.

"Kifungo changu kimegoma, Tusekile. Kinasema nije. Habari za hapa?"

"Nzuri," akasema shangazi.

Mama Ipyana hakuondoka. Macho yake yalishuka taratibu hadi kwenye hogo.

"Mwe! Nzuri ya wapi hiyo?"

Nilimwona shangazi akipigana na nafsi yake. Miaka thelathini ya mashindano ilipita usoni pake. Kisha akaonyesha chini ya meza kwa kidevu.

"Vile viatu pale. Nilitaka kukupita kwa urefu."

Mama Ipyana alivitazama viatu, akamtazama shangazi, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Shangazi naye akacheka, wakashikana mikono wanacheka, wakafutana machozi kwa kitambaa kimoja. Walipotulia shangazi akamuuliza, kwa adabu tu, kama inavyopasa, "Na wewe, za nyumbani?"

"Nzuri," akasema Mama Ipyana.

Lusajo aliacha hata kugusa kompyuta. Nje watu walikuwa wakipiga kelele, ndani tukangoja.

"Ila mzee haoni tena," akasema. "Tangu mwezi wa tatu. Lilianza jicho moja, kisha la pili. Anakaa ndani tu, hataki mtu ajue."

Mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeambiwa kila asubuhi, miezi minne, kwamba Baba Ipyana salama, nami nikanywa uji wangu juu ya salama ile na kupiga meza. Baba Ipyana ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la nne. Niliona aibu ambayo sijui niilinganishe na nini.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Sikujua."

"Ulikuwa na shughuli, mwanangu," akajibu, bila kinyongo hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Shangazi alikuwa ameshaanza kujisukuma ukingoni mwa kiti. "Lusajo, kamata upande huo. Subi, huu. Nipelekeni kwa mzee."

"Shangazi, daktari amesema..."

"Daktari amesema nisitembee. Nimesema nibebeni."

Tukambeba na kiti chake. Kuvuka barabara ni hatua sitini. Tulitumia saa moja na nusu, kwa sababu kila hatua mbili mtu alitusimamisha, akauliza habari za hapa, akaambiwa nzuri, akauona mguu, na ikabidi hadithi ya viatu isimuliwe upya. Kila aliposimulia, shangazi aliongeza kisigino. Tulipofika ng'ambo, viatu vilikuwa na urefu wa kibuyu na mikono ya Lusajo ilikuwa inatetemeka, lakini hakukubali kupokewa.

Mama Ipyana akafungua mlango. Ndani mlikuwa na giza la mapazia. Mzee alikuwa kwenye kochi, amenyooka, mikono magotini, akaelekeza sikio kwetu.

"Nani hao?"

Nilingoja kifungo changu kinitaje, kama kilivyofanya miaka yote. Kikakaa kimya.

"Ni mimi, mwalimu. Subilaga. Shikamoo."

"Subilaga!" Uso wake ukafunguka wote. Akanyoosha mkono hewani, akatafuta, nikaupokea kwa mikono miwili. "Marahaba, mwanangu, marahaba. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri," nikasema.

Hakuuachia mkono wangu. Nikavuta kigoda kwa mguu, nikakaa.